Fundi wa Kangemi na shock za nyuma za pikipiki yangu

Wakuu, salamu kwenu. Hii sijatunga, na mwenye kubisha asome kwanza ndio abishe.

Mwisho wa miaka ya themanini nilikuwa messenger wa ofisi moja ya mawakili hapo town. Kazi niliipata kwa sababu moja tu: nilikuwa na pikipiki.

Sasa shock za nyuma, zile spring za kupunguza mtikiso, zikafa. Kila shimo, mudguard inagonga tairi na mgongo unalia. Nikanunua mpya kwa Singasinga mmoja River Road, nikapeleka pikipiki kwa fundi Mwangi, Kangemi.

Hapo ndipo nilikosea. Nilimwambia kila kitu: ofisi iko wapi, na kwamba bosi amenipa wiki moja tu, nisiporudi na pikipiki anatafuta mtu mwingine. Nilidhani atanihurumia aharakishe.

"Usijali, boss," Mwangi akaniambia. "Lakini bush, zile raba za kushikilia hizi shock, zimeisha madukani, tungoje."

Katikati ya wiki nikapita jioni bila kumwambia. Shock mpya zimeshafungwa!

Kwa wale hawajui, chini ya spring kuna ringi yenye vidato. Ukipanda peke yako unaiacha chini, spring inakuwa laini. Ukibeba mzigo unaizungusha hadi juu, inakaza.

Mimi niliagiza iwekwe chini. Niliikuta juu kabisa.

Nikagusa injini. Moto.

"Mwangi, hii umeenda nayo wapi?"

"Ilikuwa kwa jua."

Jua gani, na mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi?

Nikataka kuichukua, akasema bila bush shock itachomoka iniangushe Waiyaki Way. Nikaogopa, nikaiacha. Usiku wote niliapa huyu jamaa anabebea watu kabichi za soko.

Kesho yake nikaenda ofisini kwa miguu kuomba siku mbili tatu zaidi. Nje ya mlango kuna pikipiki inafanana na yangu. Namba plate, yangu. Nyuma imefungwa katoni ya mafaili.

Sekretari akanichekea. "Pole na ugonjwa! Lakini huyu cousin yako umetuma anachapa kazi, aki. Hata katoni anabeba. Wewe ulikuwa unabeba bahasha tu."

Ugonjwa? Cousin?

Mwangi akashuka ngazi, bahasha mkononi. Hakushtuka hata kidogo.

"Boss, wacha nimalize hii ya Kilimani, halafu nikuletee pikipiki."

Nikamnyang'anya ufunguo na bahasha, nikaenda Kilimani mwenyewe, spring imekaza hadi meno yanagongana. Hakuna shock iliyochomoka.

Kazi niliiokoa. Lakini miaka yote niliyokaa pale, kila nikichelewa bosi alikuwa anauliza, "Na yule cousin yako, siku hizi ako wapi?"

Funzo: fundi mwambie ugonjwa wa chombo. Shida zako zingine ziache nyumbani.

Haya, na nyinyi semeni mafundi waliwafanyia nini, nisijione fala peke yangu.