Gari la Kumpandisha Shangazi Debora

Siku niliyompeleka shangazi yangu mlimani kwa gari lisilopanda mlima naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu hadi mama yako aniulize kulikoni.

Umenitumia picha za gari kwenye simu. Nimezitazama zote, miwani nimevaa. Rangi inang'aa, viti vimevalishwa vitambaa vipya. Unasema ni la kwendea shamba, kulala kule kibandani siku mbili tatu, na kuingia porini na wenzako wenye leseni ya kuwinda kanga. Sawa. Ila picha ya tumbo la gari hujanitumia hata moja, ndiyo maana nimekaa nikuandikie.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Shangazi Debora, dada mkubwa wa baba yangu, ndiye aliyenilea. Nyumba yake ilikuwa mlimani, juu ya Kidete, na mizinga yake ya nyuki ilitundikwa msituni nyuma ya nyumba. Magoti yalipomgomea alishushwa kwa machela, akaja kukaa kwa binti yake Magomeni, pale Kilosa mjini. Miaka minne hakuiona nyumba yake. Kila asubuhi alitoa kiti nje akakigeuza kielekee milimani. Hakulalamika hata siku moja, lakini sote tulikiona kile kiti.

Basi ukoo ukaamua tununue gari lililotumika, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, limpandishe shangazi na kushusha asali na mahindi. Kazi ya kuchagua nikapewa mimi, kwa kuwa mimi peke yangu nilikuwa na leseni ya udereva. Leseni tu, mwanangu. Ujuzi ulikuwa bado njiani.

Nikaenda Mikumi, kwa mtu mmoja aliyeitwa Bwana Kasimu, mwenye nyumba ya wageni, aliyekuwa pia akiuza magari yaliyochoka kubeba watalii. Nikaliona jekundu. Lilikuwa limepigwa rangi upya, ukilisogelea unajiona sura. Nilivaa suruali nyeupe siku ile, na mle kwenye rangi nikajiona nimependeza sana. Nikamuuliza, "Redio inafanya kazi?" Akaiwasha, muziki ukajaa yadi nzima. Nikampa mkono. Hivyo ndivyo nilivyochagua gari la ukoo mzima.

Jumamosi iliyofuata shangazi alivaa kitenge chake cha kanisani na kilemba cheupe. Tukampakia mbele, majirani wakapanda nyuma wakiimba, pamoja na Mzee Semwali, dereva mstaafu wa trekta kwenye shamba la mkonge. Tulipovuka Kidete na kuanza kupanda, njia ilikuwa imelowa kwa mvua ya asubuhi. Magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka pale pale. Nikavuta ule mkono mdogo wa kuingiza magurudumu ya mbele. Kimya. Nikavuta tena. Gari likateleza kinyumenyume hadi kwenye majani, likatulia.

Mzee Semwali akashuka, akajilaza matopeni, akachungulia chini. Alipoinuka, kofia yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Yona," akaniambia, "hapa mbele hapana kitu. Propela ya mbele, ule mhimili unaozungusha magurudumu, imetolewa. Huo mkono unaouvuta haujashika chochote."

Waliokuwa wakiimba wakaanza kushuka. Nilimtazama shangazi. Alikuwa ameinua shingo, anaangalia juu, kwa kuwa kutoka pale bati la nyumba yake lilionekana. Mimi mtu mzima machozi yalinilengalenga.

"Baba," akaniita, kwa sauti ya chini, "gari hili ulilikagua?"

"Nililikagua, shangazi."

"Ulilikagua wapi na wapi?"

"Mbele. Na ndani."

"Na chini, ulilala ukatazama?"

Nikajikuta nasema ukweli. "Nilikuwa nimevaa suruali nyeupe, shangazi."

Mwanangu, yule mama alicheka! Alicheka mpaka kilemba kikamwangukia mapajani, na majirani nao wakashindwa kujizuia. Kisha akanishika mkono, uso umekuwa mkali. "Umechagua kitu cha watu wengi kwa macho ya kujipendezesha wewe. Usirudie. Jumatatu vaa kaptula, tunakwenda wote Mikumi."

Tukaenda, yeye, mimi na Mzee Semwali. Nilifika nimefura, nikaanza kumpigia kelele Bwana Kasimu hata shikamoo sijampa. Akaningoja nimalize.

"Kijana, uliniuliza redio, nikakuwashia redio. Gari hilo lilikuwa la lami tu, propela tuliitoa kupunguza ulaji wa mafuta. Ungeniuliza ningekwambia."

Shangazi akanivuta shati nikae. Kisha akamuuliza yule bwana, kwa upole kabisa, "Mwanangu, mama yako yu hai?"

"Yupo, mama. Yuko kijijini Ulaya, hii Ulaya yetu ya ng'ambo ya mto."

"Masika yakikolea, unakwenda kwake kwa gari gani?"

Bwana Kasimu akajikuna kichwa, akatabasamu, akaelekeza kidevu nyuma ya jiko la wageni. Lilikuwepo gari la kijani lililopauka, mlango mmoja wa bluu, limepakiwa mapipa ya maji. "Lakini lile siuzi."

"Sijakwambia uuze. Nataka nilione."

Akajikongoja na fimbo yake hadi pale, akaweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa baridi. "Vizuri," akasema. "Mgonjwa ukitaka kumjua, mkute kabla hajanywa uji. Sasa liwashe." Likakohoa mara moja, likawaka. Mzee Semwali akaniita chini, nikalala kifudifudi, akanionyesha propela zote mbili, akanigongesha fremu kwa spana nisikie kama kuna mahali pameoza, akanipitisha kidole kwenye giaboksi nione kama oili inavuja. Rangi hatukuigusa. Halafu shangazi akataka mapipa yajazwe maji, gari lipandishwe kwenye tuta la matope nyuma ya yadi, na mimi nichuchumae pembeni nitazame magurudumu ya mbele.

Niliyatazama kwa karibu mno. Yalipouma ardhi, tope lote likaniishia usoni.

"Yanavuta!" nikapiga kelele, mdomo umejaa udongo. Shangazi akapiga vigelegele, wapishi wakatoka jikoni, na Bwana Kasimu akacheka hadi akaegemea ukuta. Sijui ni kicheko kile ama ni mama yake aliyekumbushwa, lakini alikubali kubadilishana. Jekundu lingemfaa kupokelea wageni stendi, akasema. Shangazi akamwongezea ndoo mbili za asali, naye Kasimu akaja kuwa rafiki yetu kwa miaka mingi.

Jumamosi nyingine tukapanda. Pale tulipokwama nikavuta mkono mdogo, gari likainua pua na kwenda polepole kama ng'ombe wa kulima, na majirani wakakimbia pembeni wakishangilia. Mlangoni shangazi hakushuka haraka. Alisikiliza kwanza. Nyuki walikuwa wanavuma kule nyuma. Akashuka, akafungua kufuli, akaketi kizingitini mwake, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba magugu yale ni aibu. Aliishi kule miaka mingine saba, akishuka mjini pale alipotaka mwenyewe.

Sasa mwanangu, gari la mlimani na porini linakaguliwa na mtu aliye tayari kuchafuka. Fika injini ikiwa imepoa. Lala chini. Lipakie mzigo wa kweli, ulipeleke kwenye tope la kweli, na muuzaji umuulize unachotaka kujua, si unachotaka kusikia. Nenda na fundi anayekupenda kiasi cha kukukatalia. Na kabla ya yote jiulize ni nani atakayekaa kwenye kiti cha hilo gari, maana ukimjua huyo, rangi haitakusumbua.

Mungu akuongoze mikono na macho. Akupe gari gumu, njia inayopitika, na mtu wa kukupokea kwa furaha kila ufikapo.