Mvua ya Saa ya Mwisho

Nilianza kuichunguza mvua mwezi wa kumi na moja. Nafundisha darasa la tatu la msingi, zamu ya mchana, katika shule ya mbao iliyokaa kwenye mteremko wa Nyalukemba, hapa Bukavu, na somo la kusoma limewekwa saa ya mwisho, saa ambayo hata mimi ningesinzia kama nisingekuwa nimesimama. Tangu masomo ya msingi yawe ya bure, benchi la watoto watatu linabeba watano. Jua likianza kuinama, vichwa navyo vinainama, benchi moja baada ya jingine. Mimi sina subira hata na sufuria ya maharage, kwa hiyo nilikuwa napiga ubao kwa kiganja na kupaza sauti. Walishtuka, wakameza mate, wakarudi walikotoka.

Lakini siku za mvua zilikuwa na jambo lake. Bati letu likipigwa hakuna anayemsikia mwenzake, na masomo yanasimama. Paa linavuja, na watoto wanajua panapovuja kuliko wanavyojua kuzidisha. Wanainuka, wanabeba mabenchi, wanabanana pakavu, wanasukumana na kucheka. Mvua ikikatika tunarudisha kila kitu mahali pake. Miaka yote niliona huo ni wakati uliopotea, na nilikuwa nanung'unika nikifuta maji mezani. Mwaka huo ndipo nilipoona kwamba baada ya kupoteza wakati, wanasoma.

Aliyenifanya nione ni msichana mmoja aliyekuwa anarudia darasa. Alilala kwa adabu, shavu juu ya kiganja, macho nusu wazi, hata mgeni angedhani anasikiliza. Mama yake anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Alfajiri wawili hao hushuka ufukweni kungoja mitumbwi inayotoka upande wa Minova, kisha mtoto analinda beseni mpaka mchana, ananawa, anavaa sare, anakuja kwangu. Ukijua hayo, huulizi tena kwa nini analala.

Mama mwenyewe alikuja kuniona mwanzoni mwa mwaka wa shule. Alisimama mlangoni, amejifunga kanga ya rangi ya machungwa, hataki kuingia na harufu ya samaki.

“Madame, kichwa ya huyu mutoto haikamate kitu,” alisema. “Kwa nyumba anafungua kitabu, anasoma mbiombio, mi nafurahi. Kumbe kitabu iko chini-juu! Kuku ya kwa picha iko inaangalisha miguu mbinguni, na yeye iko anasoma tu. Amekariri vile benzake banasemaka.”

“Maman, tumupe muda.”

“Muda nampa. Mpaka Pasaka. Pasaka ikipita hajue kusoma, atakuya tuuzishe pamoja kwa soko. Kule angalau iko anajua kuhesabu.”

Nilikasirika, nikatafuta wa kumkasirikia nikamkosa. Mama hakuwa na ubaya. Alikuwa na beseni moja na mikono miwili, na mikono miwili ya ziada ilikuwa imelala kwenye benchi langu. Lakini nilijua pia kwamba mtoto akishaingia sokoni, harudi. Nilikulia kijijini, Nyangezi, na wasichana niliokaa nao benchi moja niliwaona mmoja mmoja wakipita na mizigo mgongoni wakati sisi tunaimba alfabeti.

Sasa hiyo siku ya mvua. Ilinyesha ikakatika, tukarudisha mabenchi, nami kwa uchokozi wangu nikaandika ubaoni sentensi ambayo haimo kitabuni wala kwenye kichwa cha mtu: “Mbuzi amekula sabuni ya shangazi.” Nilimwita yeye. Alianza herufi kwa herufi, akakwama kwenye “amekula”, akavuka, na kabla hajafika kwa shangazi akacheka. Darasa zima lilikuwa bado halijaelewa. Yeye alicheka peke yake kwa sababu alikuwa amefika kwenye sabuni peke yake.

Kesho yake jua liliwaka, na kwenye somo lile lile alilala kama kawaida.

Hapo sikupata raha tena. Mvua ilikuwa imemfanya nini huyu mtoto? Nilianza na baridi. Nilifungua madirisha yote alasiri moja ya upepo, na watoto wakajikunja wakakumbatiana, wakalala vizuri zaidi. Basi si baridi. Labda kelele? Niliwaambia waimbe wakiwa wamekaa. Waliimba. Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona tangu nianze kazi: mtoto anaimba ubeti mzima huku amelala. Nilibaki na jambo moja tu, na nikalijaribu siku ambayo anga halikuwa na hata wingu.

“Inavuja!” nilisema katikati ya somo. “Mubebe mabenchi!”

Walinitazama, wakatazama juu. “Madame, mvua iko wapi?”

“Inakuja. Fanyeni haraka.”

Waliinuka wakicheka, wakabeba, wakabanana, wakarudisha. Kisha nikaandika kuhusu jogoo aliyevaa viatu vya padri, na wakasoma. Msichana wangu alisoma mpaka kwenye kamba za viatu. Nilirudi nyumbani nimefurahi, naongea peke yangu njiani, watu wakanipisha.

Kumbe ilikuwa ni kuinuka. Mvua haikuwa na dawa yoyote. Ilikuwa inawainua tu, na mimi ndiye niliyekuwa nawakalisha tangu mchana halafu nawagombeza kwa kuwa wamechoka kukaa. Hata leo sijui kama kazi inafanywa na miguu, au na pumzi, au na kile kicheko. Nimeuliza wenzangu, kila mmoja ana jibu lake, na nimegundua kwamba anayejibu haraka kuliko wote ndiye hajawahi kujaribu.

Mabenchi yakawa tatizo. Chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa mbao, kinakaa darasa la sita na mwalimu wake, mzee anayewaandaa watoto kwa mtihani wa taifa na asiyependa hata kikohozi. Alinijia uso umekunjamana.

“Madame, kule kwako beko banasoma ao banahama nyumba?”

Nilimwomba radhi, na tukaacha mabenchi. Tukatengeneza mvua nyepesi. Wote wanasimama. Kwanza kidole kimoja juu ya kiganja, matone ya kwanza. Kisha vidole viwili, kisha viganja juu ya mapaja, mvua inakolea, wanazunguka benchi wakikwepa panapovuja, wanachuchumaa, wanainuka, kisha vidole tena, taratibu, mpaka unasikia nzi. Hapo, kabla nzi hajatua, naandika sentensi. Mchezo wote ulikuwa mfupi kuliko muda niliokuwa natumia kugombeza.

Kwa miezi kadhaa tulinyeshewa hivyo kila siku. Msichana wa sambaza alikuwa anasoma mistari miwili, mara nyingine mitatu. Pasaka ilikuwa inakaribia, na mimi nilikuwa nataka kumwita mama yake kisha naogopa. Mtoto anayesoma mbele yangu anaweza kunyamaza mbele ya mama yake, na mama alikwisha kudanganywa na kitabu mara moja.

Kisha watoto wakadai radi. Walikuwa na haki. Mvua gani ya Bukavu haina radi? Nikawaruhusu, na nilifurahi nao, sitaki kusema uongo. Tulikubaliana kwamba nikiinua mkono, kila mmoja apige benchi kwa viganja viwili, kwa nguvu zake, bila kungojana, maana radi haingoji.

Niliinua mkono.

Mabenchi yetu ni mbao, sakafu ni mbao, kuta ni mbao. Sauti iliyotoka haikuwa ya radi. Ilikwenda pa-pa-pa, ikakatika, ikaanza tena pa-pa-pa-pa, ikaruka bondeni na kurudi. Watoto walikuwa wanacheka. Niliposhusha mkono ndipo nikaisikia barabara. Pikipiki zilikuwa zimenyamaza. Vibanda vilikuwa vinafungwa, bati moja baada ya jingine. Nikachungulia kupitia ufa wa ukuta wa darasa la sita. Wote walikuwa wamelala sakafuni kifudifudi, mikono juu ya kichwa, kama watoto wa mji huu wanavyojua kufanya risasi zikilia, bila kufundishwa, na yule mzee alikuwa amelala mbele yao, chaki bado mkononi.

Nilikuwa nimetafuta kitu cha kuwaamsha watoto wangu, nikaamsha hofu ya mtaa mzima.

Mkuu wa shule alifika kwanza, anahema. Nilieleza. Alitazama viganja vyangu.

“Mvua,” alisema. “Madame, mvua ya mikono.”

“Ndiyo, Directeur.”

“Wazazi banatuma batoto kusoma, hapana kucheza. Hii mambo imekwisha leo.”

Hakuwa amemaliza kusema, akina mama wakajaa mlangoni. Wengine walikuwa wanalia, wengine wanawashika watoto vichwa kuhakikisha vipo. Mama wa sambaza alikuwa miongoni mwao, kandambili moja mguuni, mguu mwingine mtupu. Hakuwa na beseni. Alikuwa ameliacha njiani na samaki wote ndani. Alimshika mtoto wake mkono.

“Twende. Hii masomo njo imekwisha.”

“Maman, nilikuwa nasoma.”

“Unasoma nini? Unakariri.”

“Anasoma, Maman,” nilisema. “Mumupe kitu chochote asome. Kitu hajawahi kuona.”

Aliangalia huku na huku kwa hasira. Ubaoni palikuwa na maandishi yangu, na kwangu hakuwa na imani hata chembe wakati ule. Akashika kanga yake ile ya rangi ya machungwa, akaivuta mbele, maandishi yakanyooka. Ni zile kanga zinazopanda na wafanyabiashara wa Uvira, zenye maneno ya pwani. Mimi maneno yake niliyasoma siku ya kwanza tulipoonana, nikanyamaza kwa adabu.

“Soma hii. Mimi mwenyewe sijue imeandikwa nini. Nilipenda rangi tu.”

Mtoto aliinama. “Ji-ra-ni,” alisoma. “Jirani… ma-ne-no ya-ko…” Alivuta kitambaa karibu zaidi, maana mkunjo ulificha neno. “Jirani, maneno yako… ya-me-ni-cho-sha.”

Kisha akaziba mdomo kwa mkono. Alikuwa ameelewa.

Mama alinigeukia. “Iko vile?”

“Iko vile vile, Maman.”

“Neno kwa neno?”

“Neno kwa neno.”

Aliyaangalia tena maandishi ya kanga. Halafu macho yakamtoka. “Yesu wangu! Na ile mwaka yote jirani yangu hanisalimie! Mi navaa hii kanga mbele ya mulango yake kila asubui!”

Sijui nani alicheka kwanza. Akina mama walicheka wakiegemea ukuta, na machozi ya hofu yalikuwa bado kwenye mashavu. Mzee wa darasa la sita alicheka, vumbi la sakafu kwenye shati lake. Mkuu wa shule aligeuka pembeni, lakini mabega yalimsaliti. Mama wa sambaza hakucheka. Alikuwa anamtazama mtoto wake kama mtu aliyekuta mgeni nyumbani kwake mwenyewe, na polepole aliuachia ule mkono.

“Hii mvua,” aliniuliza, “njo inamuamushaka?”

“Njo yenyewe.”

Akamgeukia mkuu wa shule. “Directeur, mvua mubaachie. Radi mutoe. Ile sauti tunaijua, haitufundishe kitu.”

Akina mama waliitikia. Mkuu wa shule alitazama dari, akatazama viatu vyake. “Bila radi,” alisema hatimaye, na mimi nikaanza kulia mbele ya wanafunzi wangu bila aibu yoyote.

Mama alifungua kanga, akaigeuza maandishi yakaingia ndani, akajifunga upya kwa nguvu. Alikuwa na samaki wa kutafuta njiani na jirani wa kwenda kumwomba radhi, na akashuka mteremko na kandambili yake moja. Mtoto alikwenda mpaka mlangoni kumwangalia. Mama hakumwita, naye akarudi akakaa kwenye benchi lake.