Mkia wa Kitabu cha Tatu

Korosho zikikaangwa karibu na vitabu vya zamani hutoa harufu ambayo hadi leo sijaipatia jina. Si ya chakula, si ya karatasi. Ni kama chumba kilichofungwa siku nyingi, halafu mtu akaingia akapikia humo humo. Juzi, hapa Posta ninapotandaza vitabu vyangu, kijana mmoja wa korosho aliegesha jiko lake ubavuni mwangu, na kabla sijamfukuza, mteja akainua riwaya akaniuliza swali ninaloulizwa kila siku ya Mungu: "Mama, hiki kinaisha, au kina mwendelezo?"

Mimi ni mfanyabiashara. Anayetaka kinachoisha, namwambia kinaisha. Anayetaka mwendelezo, namwambia pita kesho. Siku hiyo nilijifanya kupanga vitabu, naye akakiweka chini akaenda zake. Ngoja basi niwaambie ninyi nilichoshindwa kumwambia yeye.

Zilikuwa enzi za foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, na ukiona watu wamejipanga unajipanga kwanza, kinachouzwa utakijua ukifika mbele. Tulikaa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, chumba kimoja, wazazi wawili na watoto sita. Ng'ambo ya barabara alikaa mama mdogo Zuhura, mdogo wake mama, katika nyumba ya ukoo wa mumewe. Mume alikuwa fundi wa malori kule Gerezani. Asubuhi moja alikunywa chai akaenda kazini, alasiri tukamzika.

Mama mdogo akakaa eda. Miezi minne na siku kumi mjane hajipambi, na hatoki nje bila dharura. Nilizihesabu kwenye kalenda mara mbili, zikatoka zile zile. Hakuwa amejaliwa mtoto, kwa hiyo alihitajika wa kumliwaza, na mama akanitoa mimi. Sababu aliyotoa ni kwamba nilijua kusoma kwa sauti. Sababu nyingine ni kwamba nilikuwa nakula sana.

Mama mdogo mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma, kwenye darasa la watu wazima lililokuwa jioni pale shuleni kwetu. Msiba ukamkatiza katikati ya kitabu cha kwanza. Wiki ya pili ya eda akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, nimtafutie kitu cha kusoma. Nikaenda kwa Babu Kopo.

Babu Kopo alikodisha vitabu kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja, jirani na soko. Jina alilipata kwa kopo la maziwa ya unga alilolikalia. Kila kitabu alichoazimisha alikikata kurasa za mwisho kwa wembe, akazifunga uzi, akazitia koponi. Ukikirudisha kitabu kikiwa safi, anakufungulia kopo, unasoma mwisho wake pale pale, umesimama, yeye anakutazama vidole.

"Nikikupa ng'ombe mzima utamla na mimi hutaniona tena," alisema. "Mkia unabaki kwangu ili mguu wako urudi."

Wateja walimtukana, lakini walirudi. Nimefanya biashara hii miaka mingi na sijaona dhamana iliyo bora kuliko ile.

Kodi yangu ilikuwa korosho. Bibi alituletea kutoka Lindi, mama mdogo akazikaanga, nami nikazipima kwa kikombe cha kahawa. Babu Kopo alitaka kikombe chenye kilima, mimi nikampa cha kukatwa kwa kidole. Tulivutana mpaka wapita njia wakasimama. Mwisho tuliafikiana kilima kidogo, na kila mmoja akajiona amemwibia mwenzake.

Tabu ilikuwa ule mkia. Mama mdogo asingeweza kwenda kusimama barazani, na Babu Kopo asingeutoa mkia koponi hata ungemlilia. Kwa hiyo nikawa naenda mimi, nausoma, nauweka kichwani, kisha narudi nao mbio kama mtu aliyebeba maji viganjani. Mwisho mmoja niliupoteza kabisa kwenye foleni ya sabuni, kwa sababu ya shikamoo nyingi. Nikarudi kwa Babu Kopo kuusoma upya, naye akadai korosho nyingine.

Mwanzoni tulisoma riwaya za kitabu kimoja. Mimi hizo ndizo nilizozipenda, na mpaka leo ndizo nizipendazo: unajua ulichobeba, kina mlango wa kuingilia na wa kutokea. Mama mdogo naye alizifurahia, hadi ile Ijumaa aliyoletewa neno la ukoo na shemeji yake, Omari, kaka mkubwa wa marehemu.

Shemeji Omari alikuwa akija kila Ijumaa baada ya swala. Alikaa kwenye kiti cha ukumbini, nje ya pazia la chumba, akanywa chai, akasalimia kwa heshima zote, huku macho yake yakitembea juu kwenye mapao. Nilidhani anaogopa mijusi. Ijumaa hiyo aliongea na mama mdogo kwa muda, yeye upande wake wa pazia, mama mdogo upande wa pili. Alisema ukoo umekaa kikao. Alisema nyumba ni ya ukoo na mtoto hakupatikana. Eda ikiisha, alisema, wao wenyewe watamkatia tiketi ya basi la Lindi, arudi kwa wazazi wake kwa heshima, ndugu wasije wakasemwa.

"Nimesikia, shemeji," mama mdogo akajibu. Sikusikia zaidi ya hayo.

Mama alipoambiwa alilia. Baba alizungusha macho chumbani mwetu, akatuhesabu, akatoka nje kuvuta sigara. Hakuna aliyegombana na mtu. Kila neno lililosemwa lilikuwa la adabu, na sijui mtu anashindanaje na adabu.

Kesho yake mama mdogo akaniambia, "Mwulize Babu, hana vinavyoendelea? Hivi vinaisha upesi."

Alikuwa navyo, vitatu vya mfululizo. Vilimhusu mke wa dereva wa lori aitwaye Rukia, ambaye mumewe alipotea njia ya kusini wakati wa mvua. Rukia akafunga kanga akaenda kumtafuta. Mkia wa kitabu cha kwanza, aliokota kofia ya mumewe. Mkia wa kitabu cha pili, alisikia sauti yake ng'ambo ya Rufiji, na pantoni ilikuwa imekatika kamba.

Mama mdogo alinifanya nisome polepole mno. Nikimaliza ukurasa ananiambia rudia pale penye mvua. Nikisema kesho tutamaliza, ananiambia kesho tuchambue mchele kwanza. Mimi nilikuwa nakufa kwa hamu. Nilimwona kama mtu anayekula nyama kwa kuilamba, na nilimwambia hivyo, akacheka. Nafikiri ndiyo mara ya mwisho kumwona akicheka.

Kitabu cha tatu tulikimaliza eda ikiwa imebaki siku chache. Rukia amefika kwenye nyumba moja, ameona lori uani, amegonga mlango. Hapo wembe wa Babu Kopo ulipita. Nikachukua kitabu nikimbie kuusoma mkia. Mama mdogo akakishika. "Acha kwanza," akasema. "Nikitoka eda nitakwenda mwenyewe."

Siku ikafika. Aliogeshwa, akavaa nguo mpya, dua ikasomwa, pilau ikaliwa. Asubuhi iliyofuata Shemeji Omari alikuja na mkokoteni wa kubeba sanduku, na tiketi mfukoni. Tukaenda stendi kwa miguu, mimi, mama, mama mdogo ndani ya buibui, kitabu mkononi. Kwenye kona ya soko akasimama.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, binti. Pole na msiba." Babu Kopo aliinuka, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia mimi, akafungua kopo. "Leo sitaki korosho. Mtoto akusomee."

Mama mdogo alimkabidhi kitabu. "Una kingine kinachoendelea, Babu?"

"Sina. Hicho ndicho cha mwisho nilichonacho."

"Basi usiufungue uzi." Akanishika kichwa. "Na wewe usije ukanitumia salamu za Rukia. Amegonga, mwacheni asimame hapo mlangoni."

"Shemeji, basi halimngoji mtu," Omari akasema, kwa upole kama kawaida yake.

Basi likaondoka. Sikulia, nilikuwa na hasira. Miezi yote ile, mbio zangu zote zile, na mtu anakataa kipande alichokwisha kukilipia. Nikarudi kwa Babu Kopo nikaudai mkia wangu, naye akafungua kopo akanipa. Nikausoma nimesimama. Mlango ulifunguliwa na kizee. Kizee akamwambia Rukia kwamba mwenye lori ameondoka alfajiri, amevuka. Chini yake pameandikwa kwamba safari inaendelea katika kitabu cha nne.

Cha nne kiko wapi? Babu Kopo akasema hajakiona, na kwa uhaba ule wa karatasi hadhani kama kilichapwa.

Nilikimbia mpaka Mtaa wa Sikukuu kwa mazoea, mkia kichwani, nikiurudia nisiupoteze. Mlangoni kwa mama mdogo nilimkuta fundi akibadilisha kitasa. Akaniuliza namtafuta nani.

Mama mdogo aliozwa tena huko Lindi, na alifariki kabla sijawa mtu wa kujilipia nauli. Barua ningeweza kuandika. Lakini alinikataza nisimwambie mwisho, na mimi nilikaa miaka nikipiga hesabu, mara mbili mbili, kama kumwambia mtu kwamba hakuna mwisho ni kumwambia mwisho. Mtoto wa darasa la nne alidhani anamsomea mtu apendaye hadithi. Kumbe alikuwa ameketi na mtu aliyeomba ukurasa mmoja zaidi, na ukurasa haukuwa wangu kuutoa.

Yule mteja akirudi, nitamwambia kinaisha. Anaonekana ana haraka.