Tanuru la Tukuyu

Juzi jembe langu liliibua mavi ya chuma shambani Mpui, masalia ya tanuru la wazee wetu, nikakumbuka pango moja kule Tukuyu, tulikokwenda kumtembelea shangazi. Kuta zake zilikuwa nyeusi vilevile, zimeganda kama uji uliofurika chunguni. Lilinuka popo, na maji yalidondoka gizani. Kaka yangu na mimi, watoto wa Kifipa, tulijua mara moja kwamba humo watu huyeyusha chuma.

"Wewe baki nje," kaka akasema. "Mwanamke akisogelea tanuru, chuma hakiivi."

Nikavua ndala, nikampita, nikaingia.

Leo najua kuta zile ziliyeyushwa na mlima uliotapika moto, basi. Siku ile niliingia nikiamini kabisa kwamba nakiharibu chuma chao.