Mkia wa Mwana wa Hawa

Katika makaburi ya Mahabibo, upande ule ambao ukuta umebomoka, kuna kaburi lisilo na jina. Majirani zake wana watoto wa kuwasomea Yasini. Lile halina wa kulisomea, kwa sababu ndani yake hamna mtu. Mna mgomba. Mimi huenda makaburini na huzuni zangu kama waendavyo watu wote, lakini nikifika hapo hucheka peke yangu hadi nijifunike mdomo kwa leso yangu ya shiromani. Anayenichekesha ni Koko Koulsoum, dada wa bibi yangu (koko kwetu ni bibi), naye kalala hatua chache tu mbele.

Koulsoum alizaliwa Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, miaka michache kabla Wafaransa hawajaimeza Madagaska nzima. Baba yake, Abdérémane, alikuwa kinyozi sokoni, Mngazija aliyezoea kusema kuwa vichwa vyote ni sawa vikishalowa maji. Siku moja mtoto alitumwa sukari kwenye duka la Mhindi. Sukari ikafungwa katika karatasi iliyochanwa kutoka gazeti la Kifaransa lenye picha. Njiani Koulsoum akaona shingo. Ilikuwa shingo ndefu kama mnazi, inapinda na kuingia upande wa pili wa karatasi, na mwenye shingo haonekani. Mtoto gani angeweza kuvumilia? Akakunjua. Sukari ikamwagika barabarani, sisimizi wakala karamu, naye nyumbani akala fimbo. Lakini karatasi hakuiachia, na humo alikuwamo mnyama mzima, amesimama ziwani, majani mdomoni, tumbo kama jahazi lililopinduliwa.

Karani mmoja aliyekuja kunyolewa ndiye aliyemsomea maneno ya chini ya picha. Huyo ni dinosauri, akasema, alikuwako kabla ya watu, na mifupa ya jamaa zake imeonekana hata nchi hii, huko upande wa Mahajanga.

"Mahajanga hii hii?" Koulsoum aliuliza.

"Kwani ziko ngapi? Kaa mbali na wembe, mtoto."

Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa Mahajanga aliyecheleweshwa Nosy Be. Alifukua mchanga wa pwani ya Andilana hadi akatoa gamba la kasa, akalala nalo kitandani mpaka harufu ikamfukuza mama yake chumbani. Alifuga vinyonga, akiwaita wajukuu wa yule wa karatasini, na wanawake wa Kisakalava, ambao kinyonga kwao si kiumbe wa kuchezewa, wakavuka barabara kila walipomwona. Alipofika umri wa kuposwa, alikuja mwenye shamba la vanila, akamkataa. Akaja Athoumani, mpakuzi wa mizigo bandarini, hana kitu ila mabega, akamkubali kabla chai haijapoa.

"Umempendea nini?" mama yake, Zoubeida, alimwuliza.

"Kwao ni Mahajanga."

"Na yeye mwenyewe?"

"Yeye pia atafaa."

Alifaa. Walipanda meli, wakashukia Mahajanga, na Koulsoum akaanza maisha yake huko mtaa wa Mahabibo akipika mkate wa sinia na kuuza mlangoni. Sikukuu zikija, maandazi ya wenzake yalikuwa na pembe tatu. Yake yalikuwa na shingo. Wanawe walikula kuanzia kichwani, kwa heshima.

Miaka ikaenda. Athoumani akaacha bandari, akawa dereva wa lori la mfanyabiashara wa mpunga, Marovoay kwenda na kurudi. Kila akirudi mkewe alikuwa mlangoni, na hakuuliza habari za safari. Aliuliza, "Umeniletea nini?" Naye Athoumani alitoa mfukoni konokono wa jiwe au kipande cha jiwe chenye alama ya jani. Mpaka siku moja, kama miaka mitano kabla ya vita vya pili vya dunia, aliposimamisha lori kwenye vilima vya Berivotra ili injini ipoe. Mvua ilikuwa imekula ukingo wa barabara, na katika ukingo ule ulichomoza mfupa wa paja. Ulikuwa umegeuka jiwe, na urefu wake, uliposimamishwa uani, ulimfika Koulsoum kifuani. Wapakizi waliouteremsha walimlaani dereva, lori, na paja.

"Wenzangu huwapelekea wake zao bangili," Athoumani alisema akifuta jasho.

"Bangili Halimati anazo mpaka kiwikoni," Koulsoum akajibu, akiuzunguka mfupa kama bibi harusi anayecheza. "Paja kama hili nani analo?"

Kesho yake asubuhi, akiimba, aliteka maji na kuuosha. Halimati mwenye bangili, jirani wa ukuta mmoja, akachungulia.

"Koulsoum! Unamwosha nani?"

"Namwosha bwana mkubwa!"

Angejibu bila mzaha, pasingekuwa na kisa. Halimati aliona paja, akaona maji, akaona ukubwa, akapiga ukelele wa msiba. Kabla ya adhuhuri mtaa wote ulikuwa uani, na mtaa wote umekwisha kukata shauri: huyu ni mtu wa kaumu ya Adi, wale majitu waliotumiwa Nabii Hudi, ambao upepo uliwang'oa kama mitende. Basi, upepo umemleta Mahajanga.

Akaitwa Fundi Mchangama, imamu wa msikiti wa mtaa, mtu mpole, mwembamba, asiyependa kukosea. Aliuzunguka mfupa akinong'ona dua.

"Mwanadamu hawekwi uani na kuku," alisema. "Kiungo cha maiti kikipatikana huoshwa, huvikwa sanda, huzikwa. Ijumaa baada ya alasiri, inshallah."

"Lakini Fundi," akasema Elamine, mchinjaji, "Adi si walikuwa makafiri?"

"Wachache walimwamini Hudi. Tumdhanie mema."

Hapo pakazuka la kuosha. Waosha maiti wa kiume walisema paja kama lile ni la mwanamume. Halimati, mkuu wa waosha wanawake, akashika kiuno.

"Nani kakwambieni? Mmemwona mke wa Elamine?"

Mke wa Elamine alikuwapo. Palihitajika salawati tatu ili watu watulie. Mwishowe Fundi akaamua kuwa, kwa shaka, ataoshwa juu ya nguo, na kwenye talakini, kwa kuwa jina la mama yake halijulikani, ataitwa mwana wa Hawa.

Wakati huo Koulsoum alikuwa ameukumbatia mfupa. Maisha yake yote alikuwa akimngoja mgeni huyu, amekaa naye usiku mmoja tu, na sasa wanampeleka chini ya ardhi alikotoka.

"Fundi wangu, huyu si mwana wa Hawa. Ni mnyama. Ninayo picha yake."

Akaleta karatasi ya sukari, imechakaa kama kitambaa. Fundi akaitazama kwa makini.

"Wazungu, mwanangu, huchora hata malaika."

"Basi nikupe ushahidi gani?"

Fundi alifikiri. Alimwonea huruma, machozi ya Koulsoum yalikuwa yanadondokea paja. "Nionyeshe mkia," alisema. "Mwana wa Hawa hana mkia. Ukiuleta kabla hatujamteremsha kaburini, chukua mfupa wako. Usipouleta, tumstiri."

Wakalibeba paja hadi msikitini, wakalilaza kwenye jeneza, miguu minne ya jeneza ikalia. Halimati akanunua sanda kwa fedha ya mtaa, akaitia karafuu maiti.

Alfajiri ya Alhamisi Koulsoum alikuwa ndani ya lori, katikati ya mumewe na kikapu cha maandazi yenye shingo. Athoumani alimshusha Berivotra, akaenda Marovoay kuchukua mpunga, akaahidi kumpitia kesho yake. Koulsoum alilala kwa mke wa msimamizi wa barabara, na mchana wote alikuwa vilimani, kwenye udongo mwekundu na mweupe, akitambaa. Alituambia mara nyingi kwamba hakuogopa wala hakuchoka. Alikuwa analia na kucheka pamoja, kwa kuwa kila alipoweka goti palikuwa na kipande cha mtu wake: jino hapa, ubavu kule, naye kama mwanamke aliyeingia nyumba ya harusi na hajui akae wapi. Lakini mkia haukuwapo.

Ijumaa, honi ya lori ilipolia barabarani, alikuwa bado mikono mitupu. Akakimbia kushuka, akateleza, akaporomoka kwa makalio hadi bondeni, na udongo ukaporomoka naye. Alipofumbua macho, mbele yake palikuwa na mawe ya mviringo, yamepangana, kila moja lina shimo upande mmoja na kinundu upande wa pili, kinundu cha hili kinaingia katika shimo la lile kama mchi na kinu. Makubwa yalikuwa kama vyungu, madogo kama vikombe vya kahawa.

"Athoumani! Njoo na magunia!"

"Umevunjika?"

"Nimekalia mkia!"

Sitasimulia mwendo wa lori lile. Mpunga ulimwagika njia nzima, na njiwa wa Mahajanga wanaukumbuka. Walipoingia Mahabibo, jeneza lilikuwa tayari barabarani, mabegani, wabebaji wamepinda kwa uzito, watu wanaleta tahlili, na kaburi limeshachimbwa. Athoumani alisimamisha lori katikati ya njia. Koulsoum akaruka chini, mwekundu kwa udongo toka kichwani hadi miguuni, hata baadhi ya watu wakadhani ni Adi mwingine. Alipiga magoti mbele ya jeneza, akapanga: vyungu, kisha mabakuli, kisha vikombe, kinundu shimoni, kinundu shimoni, mpaka mkia ukapita mlango wa Halimati na kuishia kwenye ngazi za Elamine.

Tahlili ikakatika. Fundi Mchangama akafuata mkia ule polepole, mikono nyuma, toka mwanzo hadi mwisho. Akainama, akagusa kijiwe cha mwisho kwa kidole. Mabega yake yakaanza kutikisika, na watu wakadhani analia, hadi kilemba kilipodondoka.

"Mwana wa Hawa hana mkia," akasema alipopata pumzi. "Teremsheni. Tulitaka kumsomea talakini mjusi!"

Kicheko kiliwashinda wabebaji. Nusura paja limponde mtu. Elamine peke yake alikuwa na jambo.

"Fundi, je, nyama yake ingekuwa halali?"

"Elamine, umechelewa."

Likabaki kaburi. Kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu, litaita mtu. Basi wakakata mgomba uani kwa Halimati, wakauzika kwa adabu zote, huku wakijiuma midomo.

Koulsoum alirudi nyumbani na paja lake, na mkia, na sanda, maana Halimati alikataa kabisa kurudisha dukani nguo iliyoguswa na mjusi. Kwa miaka yote iliyofuata mfupa ulisimama uani, kuku wakautagia pembeni, watoto wa mtaa wakajipimia urefu: ukifika kilele unaanza chuo cha Kurani. Mgeni yeyote alipewa andazi lenye shingo na kisa tangu sukari. Sanda aliikunja sandukuni pamoja na karatasi.

Alifariki mwaka mmoja kabla ya uhuru. Nilikuwa msichana, nikashika ndoo wakati Halimati, mkongwe sasa, akimwosha. Ilipoletwa sanda mpya, Halimati akaisukuma kando, akafungua sanduku. Nguo ilikuwa imeanza kuwa njano, lakini bado ilinukia karafuu maiti.

"Hiyo ilikatwa kwa paja, Koko," nikasema. "Haitamtosha."

Akaikunjua juu yake. Uzee ulikuwa umempunguza Koulsoum, ukamkunja. Ikamwenea toka utosini hadi vidoleni, na ncha ya kufunga ikabaki.

"Ona," Halimati akasema, machozi na kicheko mahali pamoja. "Alijipimia mwenyewe."