Majaribio Yaliyojibu Sawa

Asubuhi ile nilitoka mtaa wa Bel-Air na mfuko wa nguo, bila kujua naenda wapi. Yaya, ndivyo kwetu tunavyomwita kaka mkubwa, alikuwa ameshapanda treni ya kwenda Kasai na mke wake, na watu wengine walikuwa wanaingiza vitanda vyao katika nyumba yake. Mimi nilikuwa nikilala kijumba cha nyuma.

Hakuwa ndugu wa damu. Niliacha shule mapema, na yeye peke yake alinikubalia kukaa nyuma ya kiti chake ofisini nikiuliza kila kitu. Aliandika programu ya kupima mabehewa ya shaba, pamoja na majaribio ya kuikagua. Nyumba ilikuwa ya kazi: aliyepoteza kazi aliipoteza nayo.

Ilipokuja kompyuta mpya, majaribio yote yalijibu sawa. Shefu, mkuu wa ofisi, akatununulia bia. Yaya hakunywa. Aliharibu hesabu moja ya programu makusudi, akayaendesha majaribio tena. Yote sawa, ingawa angalau moja lilipaswa kuanguka.

Kosa lilikuwa kwenye sheli ya kompyuta ile, yaani programu inayopokea amri. Katika kila mstari wa amri iliuliza programu ya mwisho tu kama imefaulu, nayo ilikuwa ile ya kuchapa matokeo. Ikishachapa, sheli iliridhika, hata kama jaribio lenyewe limeanguka. Yaya akaizunguka: kila jaribio liliweka jibu lake pembeni kwanza, ndipo likachapwa. Hapo majaribio mengi yakaanguka, si kwa ile hesabu aliyoiharibu tu.

"Citoyen, mbele ya kuigusa, yote ilikuwa muzuri," shefu alimwambia Yaya, akimwita raia kwa Kifaransa.

"Ilikuwa bwongo, uongo mutupu, shefu."

"Basi rudisha ile bwongo. Kesho bakubwa banakuya kuona."

Nyumbani mke wa Yaya alimwomba arudishe. Na mimi nilimwomba. "Yaya, rudisha tu. Nyumba, yaya."

"Na siku behewa itazidi uzito, tutauliza nani? Ile programu yenye kuchapa?"

Hakurudisha. Wakubwa waliona yaliyoanguka, wakaondoka. Kazi ikaisha, na nyumba nayo.

Ndiyo asubuhi ile, kwenye barabara ya Likasi, lori lilisimama. Dereva alikuwa anaenda mji wa Kambove, nikapanda. Jioni fundi cherehani mmoja, Mwislamu mwenye asili ya Maniema, alinionyesha chumba cha kupanga nyuma ya duka lake.

"Mulango iko inafunga muzuri," alisema, akageuza ufunguo. Kitasa kikalia vizuri kabisa.

Niliusukuma mlango kwa bega. Ukafunguka.

Aliutazama, akanitazama, akacheka. "Weye! Bengine banasikilizaka ufunguo tu."

Akaenda kutafuta nyundo na misumari. Nilibaki nimeushika ule mlango, na hapo ndipo nilipolia, mara ya kwanza tangu treni ya Yaya iondoke.