Shangazi Tabu na Kanga za Sura Moja

Mimi napenda nguo, sifichi. Kanga mpya ikitundikwa dukani naiona kabla sijamwona mwenye duka. Kwa hiyo mkinisikia namsifu shangazi yangu Tabu, mwanamke aliyevaa kanga za sura moja mpaka kuku wa mtaa wetu wa Mtawanya wakamzoea, msidhani nasifu tabia yangu. Niliishi naye nyumba moja, na yaliyotokea kwenye harusi ya binti yake niliyaona kwa macho haya.

Shangazi alikuja kwetu kutoka Kitaya, mwaka ambao mto Ruvuma ulipanda ukaingia mpaka vyumbani. Mumewe alikuwa keshatangulia mbele ya haki. Alifika kwa baba yangu, Abeid, ambaye ni kaka yake, akimwongoza bintiye Mwanaamina, na nyuma yao watu wawili wamebeba sanduku la mbao. Ndani ya sanduku lile mlikuwa na kanga za maisha yake yote: za kuolewa, za uzazi, za harusi za watu. Nyingi zilikuwa hazijagusa mwili. Ndiyo desturi yetu wanawake wa huku, kanga nzuri haivaliwi, inawekwa, na mwanamke anapimwa kwa uzito wa sanduku lake.

Baba alipovunja kufuli, ilitoka harufu ya matope. Wekundu ulikuwa umeingia kwenye weupe, na ukungu umekula mapindo. Shangazi alizitoa moja moja akazitandaza uani, akaketi chini akalia kama aliyefiwa. Mama yangu alijaribu kumtuliza, akamwambia nguo zinatafutwa.

"Silii nguo, wifi," akasema. "Nalia kwamba sikuzivaa. Aliyezivaa ni maji."

Tangu siku ile hakuweka tena nguo ya kutazamwa.

Alianza upya na vitu vichache, na alivichagua kwa ukali ambao mwingine angeuweka kwenye kuchagua mkwe. Alishona magauni mawili mapana, akamwambia fundi aache kitambaa cha kutosha ndani ya mshono, ili mwili ukinenepa gauni lisimkatae. Alikuwa na kaniki ya shamba kwa ajili ya mihogo na mikorosho, na buibui moja. Na alinunua doti mbili za kanga, zote za sura moja, nyekundu yenye pindo jeusi, na jina la kanga limeandikwa chini: "Nimeridhika na changu." Dukani Chikongola, kwenye soko la mjini, aliilowesha ncha ya kanga kwa mate akaisugua kwenye kiganja, aone kama rangi inatoka. Mwenye duka alimkazia macho, naye akaendelea kusugua.

Mimi nilimuuliza, shangazi, umeona kanga zote zile ukachagua kununua moja mara mbili?

"Kanga huja mbili mbili," akanijibu. "Kipande kimoja kikichanika, mwenzake anabaki mjane, na mjane huwezi kwenda naye shughulini. Mimi vyangu viko vinne na vyote ni ndugu. Kimoja kikifa, waliobaki wanajuana."

Na kweli, kanga yake ilikuwa na safari yake. Ikiwa mpya ilitoka naye kwenye shughuli. Ikipauka kidogo ilikwenda sokoni, kisha ikawa ya nyumbani, kisha ikafuata kaniki shambani. Ikichoka kabisa ilikatwa, nusu ikawa mbeleko ya mtoto wa jirani, na nusu ikakunjwa kuwa kata ya kubebea ndoo kichwani. Ilipofika kufuta taa, hata jina lake halikusomeka. Hapo ndipo aliponunua nyingine, ya sura ile ile kama ilipatikana, au nyekundu nyeusi inayokaribiana nayo.

Watu walisema, bila shaka. Walisema hafui. Walisema ana nadhiri. Mwanaamina, ambaye kipindi hicho alikuwa msichana mkubwa mwenye macho ya aibu, alikuwa akitembea hatua chache nyuma ya mama yake wakienda sokoni. Nilimwelewa, maana hata mimi nilikuwa nimechoka kuliona lile pindo jeusi.

Lakini maneno ya barabarani si kitu. Kilichokuwa kitu ni sare.

Mtawanya tulikuwa na kundi la wanawake wa shughuli, na mkubwa wake alikuwa Bi Mwanaisha, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa na moyo mzuri uliojificha mbali kidogo. Harusi ikitangazwa, Mwanaisha alikwenda Chikongola akachagua kanga, na kila mwanamke akatafuta doti yake ya namna ile ile. Siku ya harusi tulitoka wote rangi moja. Upande wa bwana harusi nao walikuja na rangi yao, na kutwa nzima ilikuwa kutupiana vijembe vya nyimbo, sare kwa sare. Harusi ikiisha, kanga ile inaingia sandukuni, na harusi inayofuata ina sare nyingine.

Shangazi hakununua hata moja. Alikuja kila harusi, alifika wa kwanza, akakuna nazi, akaonja pilau, akaosha masufuria, na akashangilia kwa kanga yake nyekundu. Alipoambiwa aingie kwenye duara, alisema duara ni la wenye sare. Mwanaisha alilikumbuka neno hilo.

Basi Mwanaamina akaposwa na kijana wa Mikindani, Rashidi, mwana wa watu wazuri. Siku ikapangwa. Na hapo ndipo Mwanaisha alipolipiza kisasi. Alisema kisimani, mbele ya watu wote, na mimi nikiwepo: "Tabu hakuwahi kuvaa nguo yetu. Na sisi harusi yake tutaitazama dirishani."

Mwanaamina aliposikia hakugombana. Alikaa kitandani akasema kwa sauti ndogo, "Mama, wa Mikindani watakuja na wanawake wao na nyimbo zao. Mimi nitatolewa nyumbani na nani? Na wewe na mjomba?"

Harusi ya bila wanawake si harusi kwetu, ni kuhamishwa. Bibi harusi asiye na wa kumwimbia huambiwa na wakwe mpaka anazeeka kwamba kwao hakuna watu. Shangazi alilijua hilo. Nilimwona akiikunja kanga yake, akiikunjua, akiikunja tena.

Asubuhi yake akavaa buibui, akaniambia, "Twende Chikongola. Nakwenda kuchagua sare."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Mwanamke aliyesimamia neno lake miaka yote ile, leo analimeza kwa ajili ya mtoto, tena bila kulalamika. Nilimpenda siku ile kuliko siku yoyote.

Tukaenda. Na Mungu ana mambo yake, mwaka ule nguo zilikuwa zimeadimika nchi nzima. Duka la kwanza rafu tupu. La pili lilikuwa na vitambaa vya kaki na ndoo. Katika duka la tatu mwenye duka alitupatia viti, akatupatia maji ya kunywa, na kanga hakuwa nayo hata moja. Shangazi aliketi pale akatazama rafu.

"Nimekuja nimechelewa," akasema.

Tulirudi mpaka Mtawanya. Lakini badala ya kuingia nyumbani, akapita moja kwa moja kwa Mwanaisha. Nikamshika mkono. Mama wa bibi harusi haendi mwenyewe kualika; anatumwa mwalishi apite nyumba kwa nyumba, na mama anakaa ndani na heshima yake. Aliutoa mkono wangu taratibu.

"Hodi, dada Mwanaisha."

Mwanaisha alikuwa anapepeta mchele. Hakusimama. "Karibu. Leo umetoka mwenyewe?"

"Nimetoka mwenyewe. Nilikwenda kununua sare, sikupata. Nakuomba uje na nguo uliyonayo, na uwaambie wenzako hivyo."

"Miaka yote umetukataa."

"Nimekataa kanga, dada. Nyie sijawakataa. Nani kati yenu aliyepika akakosa kuniona jikoni?"

Mwanaisha akaendelea kupepeta. Akasema, "Nimesikia," na hilo si jibu. Shangazi akaaga, akaenda nyumba ya pili, na ya tatu, mpaka akaumaliza mtaa, mlango kwa mlango, hata milango ambayo waalishi hawabishi hodi. Kila mahali alisema neno moja: njoo na uliyonayo.

Siku ya harusi, asubuhi, uani tulikuwa mimi, mama na masufuria. Mwanaamina alikuwa chumbani amepakwa hina, na kila mlango ulipolia aliuliza, "Nani?" Alikuwa paka.

Wanaume walikwenda msikitini kuozesha. Mara tukasikia vigelegele, lakini vya mbali, vya upande wa Mikindani; wageni wanakuja. Shangazi alisimama mlangoni peke yake kwa kanga yake nyekundu, ameinua kichwa.

Kisha nikasikia sauti ile ya kuamsha mtaa, ikitokea nyuma ya nyumba. Mwanaisha huyo! Na nyuma yake wanawake, kanga za kijani, za manjano, zilizopauka, zilizotoka sandukuni na mikunjo yake. Wa Mikindani nao walipoingia, tukakuta hata wao hawakupata sare. Kila mtu na yake.

Hapo ndipo palipotokea vurugu ya kicheko. Bila sare, nani atamjua adui? Mwanaisha alijikusanya, akaugeukia umati uliokuwa karibu na uzio, akatupa kijembe chake alichokitunga wiki nzima:

"Wa Mikindani mmekuja, mbona sahani hamna?
Mwali wetu anapika, kwenu njaa mwaombana!"

"We Mwanaisha!" akajibu mmoja wao. "Mimi jirani yako! Juzi nimekuazima kinu!"

Uwanja mzima ukaanguka kicheko. Mama mkubwa wa Rashidi alicheka mpaka akashikiliwa, kisha akaanza kuwaimba watu wake mwenyewe, kwa makusudi. Baada ya hapo hapakuwa na upande. Mwanaamina alitoa kichwa dirishani, hina mikononi, na kwa mara ya kwanza tangu aposwe akacheka kwa sauti.

Lakini shangazi hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama lango. Watu walikuwa bado wanaingia, na si wale wa siku zote. Mwanamke mmoja na mkwewe. Ajuza mmoja na fimbo. Wengine walisimama kwanza nje, wakajitazama nguo, ndipo wakaingia. Uani hapakutosha, wakasimama mpaka chini ya mikorosho. Sijawahi kuona harusi ya Mtawanya yenye wanawake wengi namna ile.

Mwisho akaingia Asha, mjane aliyeishi nyuma ya ua wetu kabisa, kwa kanga iliyotiwa kiraka begani. Asha hatukuwa tumemwona harusini tangu mumewe alipofariki. Sisi tulisema ana majonzi.

Shangazi akamfuata, akamshika mikono yote miwili. "Asha, mdogo wangu, miaka yote hii ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo nyuma, dada," Asha akasema. "Ngoma zote nazisikia. Sare ndiyo sikuwa nayo."

Shangazi alilia, hakujificha. Mwanaisha alikuwa karibu, akasikia. Aliitazama kanga ya Asha, akautazama uwanja na wale wote waliojaa mpaka mikoroshoni, kisha akamshika Asha mkono akamwingiza katikati ya duara.

Asha aliimba. Nyimbo zote alikuwa anazijua, hata zile tulizozitunga mwaka uliopita.